Magnetomita ifike kabla ya nondo

Ukienda kwenye magofu ya Kunduchi, Kinondoni, utaoneshwa msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Sasa jiulize: mvuvi na mfinyanzi waliishi wapi? Wengi wa pwani hii walijenga kwa miti na kukandika udongo, na nyumba ya udongo ikianguka inarudi kuwa udongo. Ndo maana wachimbaji wa zamani, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, walishughulika zaidi na mawe. Mawe yalionekana.

Lakini udongo nao unatunza kumbukumbu. Ndani yake mna chembe za chuma. Ukichomwa hadi nyuzi joto mia kadhaa, iwe mekoni au nyumba inapoungua, kisha ukapoa, usumaku wa chembe hizo hufuata usumaku wa dunia na kubaki hivyo kwa karne nyingi. (Yaani ajali ya moto ya mtu wa kale ni bahati ya mtafiti wa leo.) Magnetomita hubebwa juu ya ardhi, mstari baada ya mstari, bila kuchimba hata shimo. Inatafuta tofauti ya nanotesla chache tu, wakati usumaku wa dunia hapa kwetu unazidi nanotesla 30,000. Anayeibeba haruhusiwi hata mkanda wenye chuma.

Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, kilikuwa na mji wa mawe uliostawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Katikati ya magofu yake kuna maeneo wazi ambayo ungeyaita viwanja vitupu. Timu ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilianza kuyachunguza mwaka 2009. Vipimo vikaonesha alama upande wa magharibi, na walipochimba wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Kumbe watu wa udongo waliishi ndani ya mji uleule, si pembeni yake.

Je, tunaweza kufanya hivyo Kunduchi, au Mbwamaji, iliyokuwa Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya? Hapo ndo pagumu. Nondo, mabati na uzio wa waya vina usumaku mkali mno. Vikiwa mita chache tu kutoka hapo, alama ya jiko la kale inafunikwa kabisa. Kwa hiyo tatizo si msingi unaochimbwa juu ya magofu peke yake. Jirani anayejenga pembeni naye anaipofusha mashine. Rada ya ardhini haisumbuliwi hivyo na nondo za jirani, ila kwenye udongo wenye maji ya chumvi mawimbi yake hufifia upesi, na magofu haya yako ufukweni.

Kama una kiwanja jirani na magofu na lori la nondo bado halijafika, ardhi yako pengine bado inasomeka. Kazi ya kupima eneo kama hilo ni ya siku chache tu.