Mganda Ulipitia Wapi Kufika Bagamoyo

Tangu mwaka 1982 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho siku hizi ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimekuwa kikiandaa tamasha la sanaa ambalo watu wengi hulijua kwa kile kinachoonekana jukwaani. Vikundi hupanda kwa zamu, na kila ngoma hutajwa pamoja na wenyewe: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni, mganda wa watu wa Ziwa Nyasa. Kando ya jukwaa kuna warsha, na huko hesabu ya wenyewe huvurugika. Anayefundisha hatua za kusini huenda amezaliwa kaskazini, na anayejifunza anaweza kuwa kijana wa Bagamoyo yenyewe, mwanafunzi kutoka mkoa wa mbali au mgeni aliyevuka bahari. Tumezoea kuyapanga mambo haya kwa umri: jukwaa limebeba urithi wa mababu, warsha zimekuja juzi na fedha za wafadhili. Ushahidi wa miaka mia na hamsini iliyopita unanielekeza upande mwingine. Kumfundisha mgeni ngoma ni desturi kongwe ya pwani hii na ya njia zilizoingia bara kutoka pwani. Jambo changa ni ule utaratibu wa kuipa kila ngoma kabila moja na kuiacha hapo.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Tabora na Ujiji. Kila msimu maelfu ya wapagazi, Wanyamwezi kwa wingi wao, walishusha pembe za ndovu na kukaa mjini wakisubiri mzigo wa kurudi nao. Kungoja huko kulichukua wiki, pengine miezi, na mji uliojaa vijana wasio na kazi ya siku hauwezi kukosa ngoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa eneo hilo aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin, alituachia katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, maelezo marefu ya ngoma za harusi, za jando na unyago, na za pepo. Msomaji wa leo hushangazwa na jinsi maelezo hayo yanavyozipanga ngoma. Kinachotangulia ni shughuli: ni ngoma ya nini, inachezwa lini, nani analipa, nani hukaa mbele. Kabila la mchezaji si swali la kwanza.

Mwanahistoria Jonathon Glassman, akichunguza Pangani na miji jirani katika miongo iliyotangulia uvamizi wa Wajerumani, alionyesha sababu mojawapo. Katika miji hiyo watumwa na watu waliotoka bara walitafuta kuhesabiwa kuwa waungwana, na mlango mmoja wa kuingilia ulikuwa karamu na ngoma. Aliyeweza kuchangia ng'ombe, kuvaa vizuri na kucheza inavyotakiwa alikuwa ameweka madai yake hadharani, na waliojiona wenye mji walilazimika ama kumpokea ama kumzuia mbele za watu. Kujifunza ngoma ya wenyeji kulikuwa dai la uenyeji. Ndiyo maana walikuwepo waliotaka kufundishwa, na ndiyo maana walikuwepo pia waliogoma kufundisha.

Kisha ikaja beni. Ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika muongo wa mwisho wa karne ya 19: tarumbeta, ngoma kubwa za kupigia gwaride, sare, na safu za wachezaji wenye vyeo. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Scotchi. Upande wa kusini, katika koloni la Wajerumani, walishindana Marini na Arinoti. Terence Ranger, aliyeandika historia yao mwaka 1975, alifuata nyayo zao kutoka mji hadi mji na kukuta kwamba waliozibeba ngoma hizi walikuwa askari, makarani, matarishi na vibarua, yaani watu ambao kazi iliwahamisha. Vita Kuu ya Kwanza ilizisukuma mbali zaidi, kwa kuwa beni ilichezwa na askari na wapagazi wa pande zote mbili. Mwanachama wa Marini aliyeshuka mji asioujua alitafuta Marini wenzake, akapewa pa kulala, na akifa huko walimzika. Alichopaswa kuwa nacho ni kujua mchezo, kutoa mchango na kutii vyeo. Maofisa wa Kiingereza walipoirithi Tanganyika walianza kuuliza maswali juu ya vyama hivi, na wasiwasi wao unaeleweka: hapa palikuwa na mtandao wa watu wa makabila mengi, unaoandikiana barua kutoka mji mmoja hadi mwingine, na hakuna mzungu aliyeuanzisha.

Katika safari hiyo ndimo ulimozaliwa mganda. Wanaume waliorejea kwenye vijiji vya Ziwa Nyasa kutoka jeshini na kwenye ajira walirudi na gwaride la beni, wakaweka vibuyu vya kuvumisha mahali pa tarumbeta, wakabaki na filimbi, kaptula nyeupe, nidhamu ya safu na vyeo vya jeshi. Ndugu zake wako upande wa Malawi, ambako jina la malipenga pia hutumika. Basi ngoma inayotangazwa leo kuwa ya asili ya watu wa ziwani ina umri wa takriban karne moja, na wazee wake wako Mombasa, Dar es Salaam na kwenye kambi za vita. Hilo haliipunguzii uhalali hata kidogo. Mganda ni wa watu wa Nyasa kwa sababu wameucheza, wameutungia nyimbo na kuurithisha watoto. Ila waliupata kwa kufundishwa, na waliowafundisha nao walikuwa wamefundishwa na wengine.

Ushahidi wa jinsi kabila lilivyokuja kubandikwa juu ya ngoma ya namna hii unapatikana kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela mjini Luanshya mwaka 1951 na kuiandikia kijitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa Wabisa, wamevaa kitanashati mavazi ya kizungu, wana mfalme wao, daktari wao, na mwanamke aliyevaa kama muuguzi akiwapitishia kioo na leso. Nyimbo zao zilisifu Ubisa na kuwatania watu wa makabila mengine. Hata hivyo, umbo la ngoma lilikuwa la beni, ambayo asili yake haikuwa ya kabila lolote. Mitchell alihitimisha kwamba kabila analolitaja mtu mjini ni njia ya kupangana na majirani wapya. Kwa maneno mengine, ngoma ilitangulia na kabila likaipanda mgongoni.

Wapo watakaosema kwamba nimechagua mfano unaonifaa. Beni ilikuwa kuiga wazungu, watasema, kwa hiyo haiwezi kutueleza chochote kuhusu ngoma halisi. Pingamizi hili ni la zamani kama beni yenyewe. Wamisionari walilitoa, na wazalendo wengine baadaye wakalirudia. Jibu la kwanza limo katika historia ya Pangani: mashindano, vyeo, michango na kugawana mji katika pande mbili vilikuwepo kabla ya tarumbeta. Beni iliazima sare, mifupa yake ikawa ya pwani. Jibu la pili ni lelemama, ngoma ya wanawake ambayo hakuna anayeiita ya kizungu. Margaret Strobel alipoandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa aliwakuta ndani ya vyama kama Banu Saada na Ibinaal Watan, vikishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za mafumbo, na vikiwaleta pamoja wanawake ambao nasaba zao, za kiungwana na za kitumwa, zingewaweka mbalimbali katika mambo mengine. Dar es Salaam mambo hayakuwa tofauti. Mwaka 1955, TANU ilipohitaji wanawake, ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, naye akapita kwa viongozi wa vikundi vya wenzake. Katika miezi michache maelfu walikuwa wamekata kadi. Susan Geiger, aliyewahoji baadhi yao, alieleza kwamba vikundi hivyo vilikuwa tayari vimechanganya makabila na vilitumia Kiswahili. TANU haikuwafundisha umoja, iliwakuta nao.

Kwa hiyo kuna kejeli kidogo katika yaliyofuata. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais, Julius Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akawakejeli wasomi wanaojua rumba, chachacha na waltz lakini hawajawahi kucheza gombe sugu au lelemama. Hoja yake ilikuwa ya haki. Serikali ikaunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma, wachezaji wakatolewa mikoani, na kila mmoja akajifunza ngoma za wenzake. Hiyo ilikuwa warsha ya kudumu, yenye mshahara. Lakini ili taifa lionekane kuwa mkusanyiko wa makabila yanayopendana, kila ngoma ilibidi iwe na anwani. Lelemama iliyotembea mwambao mzima, mganda uliotoka vitani, bugobogobo iliyokuwa ya vyama vya kulima kwa ushirika, zote zikaandikwa kwenye orodha moja kana kwamba ziliota katika udongo wa mahali pamoja. Zikafupishwa, zikageuzwa kumkabili mgeni rasmi, zikachezwa kwenye mapokezi ya viongozi. Kikundi kilipovunjwa na chuo kufunguliwa Bagamoyo mwaka 1981, orodha ilihamia huko pamoja na baadhi ya walimu. Kenya ilifika mahali hapohapo kwa njia ya utalii: katika Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, kikundi kimoja cha waajiriwa hucheza ngoma za nchi nzima.

Pingamizi zito zaidi linahusu zile ngoma ambazo hazikuwa za kila mtu. Unyago na jando vina mafunzo yasiyotolewa hadharani, na kuna Wamakonde walioona sindimba ya jukwaani kama dhihaka, viuno bila elimu iliyovipa maana. Hapa wakosoaji wana haki, na sioni sababu ya kuwapinga. Ninachosema ni kwamba uzio uliozunguka ngoma hizo ulijengwa kwa umri, jinsia na daraja la aliyekwisha kuchezwa unyago au kutahiriwa, mara chache kwa kabila. Unyago wa mwambao wenyewe uliingizwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliotolewa bara kwa nguvu, na mabinti wa waungwana wakaja kuwa wari wa makungwi wenye asili hiyo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi na pia mwimbaji wa majukwaa makubwa, na alipokuwa akipiga msondo mbele ya wageni alijua vizuri kipi ni cha ukumbini na kipi kinabaki ndani. Warsha inaweza kuuheshimu uzio wa namna hiyo, mradi anayeongoza awe mtu aliyeupita mwenyewe.

Limebaki pingamizi la muda, na hili ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mwanachama wa Arinoti alijifunza kwa misimu, akipanda cheo, akitoa mchango, akiwazika wenziwe. Mshiriki wa warsha hukaa saa mbili, hutoka jasho, hupiga picha na kuondoka. Hakuna anayemdai kitu. Ni kweli, na tofauti hiyo haifutwi na nia njema ya mtu yeyote. Ila lawama isielekezwe kwenye kuchanganya watu. Kilichowafanya wanachama wa zamani wajifunze kwa bidii ni kuwapo kwa wapinzani. Marini walifanya mazoezi kwa sababu Arinoti walikuwa mtaa wa pili. Mfano hai uko Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo, ambako vyama viwili vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, na mshindi hujulikana kwa wingi wa watu aliowavuta upande wake. Manju anayeona umati unahama hubuni papo hapo: hatua mpya, mzaha mpya, nyoka, hata kama mbinu hiyo ameiona kwa mpinzani. Kwa njia hiyo ngoma za Usukuma zimeendelea kubadilika bila wizara kuziamuru.

Tamasha la Bagamoyo linapoviweka vikundi jukwaani kwa zamu na kuvipigia vyote makofi sawa, linaendeleza adabu ya mapokezi ya serikali. Linapowapa walimu wa mikoa tofauti uwanja mmoja na wanafunzi wasio wa kwao, linaendeleza kazi ya wapagazi na vyama. Waandaaji hawalazimiki kuacha moja ili wapate lingine. Mambo mawili madogo yangetosha kuanzia: ratiba itaje njia ambayo ngoma imepitia, mganda uandikwe pamoja na Mombasa, jeshi na Ziwa Nyasa, na warsha ya siku ya kwanza imalizikie uwanjani siku ya mwisho, makundi mawili ya wanafunzi yakipiga kwa wakati mmoja, watazamaji wakiruhusiwa kuhama.