Protini zinazolirudisha ini baada ya upasuaji

Ini likikatwa, pande lililoondolewa halioti tena mahali pake. Sehemu iliyobaki ndiyo inayonenepa hadi uzito ukaribie ule wa mwanzo, kisha ukuaji hukoma. Higgins na Anderson wa Mayo Clinic, Marekani, walilipima jambo hili mwaka 1931 kwa kuwatoa panya theluthi mbili za ini. Wiki mbili hivi baadaye, theluthi iliyosalia ilikuwa imekaribia ukubwa wa ini zima.

Ilibaki kujulikana amri ya kukua inatoka wapi. Huko Boston, mwaka 1951, Nancy Bucher na wenzake waliwashona panya wawili wawili ubavu kwa ubavu, damu ikawa inapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mmoja akikatwa ini, seli za ini la mwenzake, ambalo halikuguswa na kisu, nazo zilianza kugawanyika. Mwaka 1967, Moolten na Bucher walipata jibu lilelile kwa kuwabadilishia panya damu kupitia mirija. Basi ujumbe ulikuwa ndani ya damu, ila aliyeubeba hakujulikana kwa miaka mingi.

Mbebaji mkuu alipatikana Japani. Toshikazu Nakamura alianza kumchuja kutoka kwenye damu ya panya mwaka 1984, kisha kutoka kwenye chembe sahani. Kundi jingine la Wajapani lilimpata mwaka 1988 katika damu ya wagonjwa ambao maini yao yalikuwa yamefeli ghafla. Jeni lake lilisomwa mwaka 1989, na protini hiyo ikajulikana kwa herufi HGF. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba hujishika kwenye kipokezi kiitwacho Met, juu ya seli ya ini.

HGF haitengenezwi upya yote baada ya upasuaji. Akiba yake hukaa imelala kando ya seli, na kimeng'enya kiitwacho urokinasi huikata ili ianze kazi. Wakati huohuo damu yote ya utumbo, iliyokuwa ikigawanywa kwenye ini zima, hulazimika kupita katika kipande kilichosalia. Chembe za kinga zilizomo humo hutoa protini TNF na interleukini-6. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wasio na interleukini-6 hushindwa kulikuza ini vizuri, na wakidungwa protini hiyo seli hurudia kugawanyika. TGF-beta, kinyume chake, ni miongoni mwa protini zinazozuia ukuaji. Kuisifu HGF peke yake ni kuzipunja nyingine, kwa maana ukiondoa protini moja, mara nyingi kazi huchelewa tu.

Yote haya yanadai ini lenye afya. Virusi vya homa ya ini B, pombe na sumukuvu ya mahindi na karanga huliharibu polepole au, kama sumukuvu ilivyofanya Makueni na Kitui nchini Kenya mwaka 2004, kwa ghafla. Ini lililosinyaa limejaa makovu, na seli zake hazizitii tena protini hizo ipasavyo. Saratani ya ini Afrika Mashariki huota zaidi katika maini yenye virusi hivyo. Chanjo ya homa ya ini B iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi nchini walizaliwa kabla yake.  Hali ya ini ambalo mgonjwa anafika nalo hospitalini ndiyo inayoamua kama atakatwa.

Daktari hupima kwanza kiasi kitakachobaki. Ini lenye afya huvumilia kubakiwa na robo hivi. Lenye makovu huhitaji karibu asilimia 40. Kiasi hicho kikipungua, mshipa unaolisha upande wenye uvimbe huzibwa wiki kadhaa kabla, damu ihamie upande wa pili na kuukuza mapema. Picha ikionyesha kwamba upande huo haukukua, upasuaji huahirishwa au kuachwa.