Kinjeketile (tamthilia)

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, kuhusu Vita vya Majimaji (1905–1907) dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kinjeketile anatoka mtoni na maji yanayounganisha makabila na kuaminiwa kuwa kinga dhidi ya risasi, kisha anaanza kuyatilia shaka mwenyewe. Anawasihi wapiganaji wangoje. Hawamsikii, kwa kuwa imani aliyoipanda imeshamponyoka. Katika tamthilia yake Wallenstein, mwandishi Mjerumani Schiller naye alimchora jemadari aliyenaswa na aliyoyaanzisha. Kwa Hussein lawama ni nzito zaidi: akiwa kifungoni, Kinjeketile anakataa kuwaambia Wajerumani kwamba maji yalikuwa uongo, asije akavunja moyo wa kupigania uhuru. Ni ujasiri wa kweli, lakini haumwondolei deni la waliokwenda mbele ya risasi wakimwamini. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Mohoro, Agosti 1905.