Waliodai Kulipa Kodi Zaidi

Sisi vijana wa Nakuru tukikaa barazani baada ya tarawehe, mazungumzo hayakosi kufika kwenye siasa, na hakosi mmoja wa kusema: "Sisi Waislamu ni wachache, kura yetu itafanya nini?" Wengine wanatikisa kichwa, kahawa inamiminwa, maneno yanaishia hapo. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watikisa vichwa, mpaka niliposoma kisa cha Waisahakia wa hapa hapa Bonde la Ufa.

Waisahakia ni Wasomali wa ukoo wa Isaaq, asili yao Somalia ya kaskazini na Aden. Wengine walikuja na misafara ya Wazungu. Huyo Lord Delamere aliyelima Njoro aliingia nchi hii mwaka 1897 akitokea Usomali. Wengine walikuwa askari wa King's African Rifles. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wengi walitulia Naivasha, Gilgil, Nanyuki na Isiolo, wakifuga na kuuza mifugo.

Sasa, ukoloni ulipanga watu kwa madaraja: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini na kipande kinaning'inia shingoni. Msomali awekwe wapi? Sheria ya 1919 iliwatoa baadhi yao katika hesabu ya "wenyeji" kwa mambo fulani. Halafu mwaka 1936 ikatoka sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji: Mzungu shilingi 40, Mhindi 30, Msomali 20.

Mimi na wewe tungesema alhamdulillah, tumepunguziwa! Waisahakia walikasirika. Walisema 20 hawalipi, wanataka kulipa 30 kama Wahindi. Waliungana na wenzao wa Uganda, Tanganyika na Uingereza, wakaandika malalamiko hadi London, na vuta nikuvute hiyo iliendelea miaka kama mitano.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Ni nani anayegombana na serikali ili akatwe pesa zaidi? Tumezoea kuambiwa kwamba mtu huingia siasani akitafuta tumbo. Hawa walikuwa wanatafuta kuhesabiwa. Ile 20 iliwaambia kwa maandishi, wote kwa siku moja, kwamba wako chini. Nadhani hapo ndipo siri ilipo: tusi lililowapata wote pamoja liliwasimamisha pamoja.

Lakini tusiwasifu kupita kiasi. Heshima waliyoidai ilikuwa ya kupanda ngazi, siyo ya kuivunja. Walitaka wahesabiwe pamoja na Wahindi ili wasihesabiwe pamoja na majirani zao Waafrika. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat tunaijua tangu chuoni, na hapa waliisahau. Kwa miaka walisema "sisi si wenyeji", na daraja walilolipigania hawakulipata.

Novemba 1989, serikali ya Rais Moi iliamuru Wasomali wote wa Kenya wachunguzwe uraia wao. Kila mmoja alifika mbele ya meza ya wakaguzi na karatasi zake, na aliyepita alipewa kadi ya rangi ya waridi aibebe pamoja na kitambulisho. Wapo waliofukuzwa nchini. Hilo pia lilikuwa tusi kwa wote, ila lilipokewa mmoja mmoja. Mtu akihojiwa peke yake kuhusu babu yake alizaliwa wapi, anaona haya, anarudi nyumbani akiwa kimya. Na wanawe wanaujifunza huo ukimya bila kufundishwa.

Ndiyo maana nikisikia "kura yetu itafanya nini" siku hizi sidhani ni uvivu. Kijana aliyezungushwa ofisini kwa sababu jina lake ni Abdi au Hussein, ati alete cheti cha babu, anajifunza kwamba kwenda ofisini ni kutafuta aibu. Na bila kitambulisho au pasipoti huwezi kujiandikisha kupiga kura. Februari 2025, huko Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondoa msasa wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini mashariki. Amri imetoka, lakini kwenye baraza letu wapo wenye umri wa kupiga kura ambao hawajaenda kuomba kitambulisho. Juzi nilimuuliza mmoja kwa nini. Akanijibu, "Wewe nenda kwanza, ukirudi uniambie walikuuliza nini." Tumepatana twende pamoja Jumatatu, watu sita.