Jinja, Mbale na Siasa Zilizogawanywa Mapande Mawili

Kabla ya reli kuu kuzifikia nchi za mashariki ya Uganda, miji ya Jinja na Mbale ilikwisha kufungamanishwa na maisha ya mtu mmoja, Semei Kakungulu, jemadari aliyelelewa katika vita vya madhehebu vya Buganda, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliasisi mji wa Mbale chini ya mlima Wanale, na mwaka 1906 akapelekwa Jinja na serikali ya Kiingereza awe rais wa Lukiiko, yaani baraza, ya Busoga, cheo alichokaa nacho hadi 1913. Mtu huyu aliingia mashariki akiwa askari wa upande mmoja wa khitilafu kubwa, kwani Mengo, mji mkuu wa Buganda, ilikuwa imegawanyika baina ya wafuasi wa wamisionari wa Kiingereza, ambao ni Waprotestanti, na wafuasi wa mapadri wa Kifaransa, ambao ni Wakatoliki. Na katika vita vya Januari 1892, kwa msaada wa bunduki za Mwingereza Kapteni Lugard, Waprotestanti ndio walioshinda na kujitwalia sehemu kubwa ya vyeo vya nchi. Walakini mwisho wa Kakungulu haukufanana na mwanzo wake. Alipokwisha kuvunjika moyo na Waingereza, aliliacha kanisa lililomlea, akajiunga na Bamalaki, kundi la kidini la watu waliokataa dawa za kizungu, kisha mwaka 1919 akatahiriwa na kushika dini ya Mayahudi, akaanzisha karibu na Mbale ile jamaa ya Abayudaya ambayo ipo hadi leo. Alifariki mwaka 1928, hali hayumo katika upande wowote kati ya zile mbili.

Nimeanza na habari zake kwa sababu mgawanyiko alioukimbia yeye ndio uliokuja kuvishwa kanzu ya vyama vya siasa. Mapadri wa Kikatoliki wa Mill Hill walikuwa wamekwisha kuenea Busoga na Bugisu, na wamisionari wa Kiprotestanti wa CMS wakawa na shule yao ya Nabumali. Na popote palipokuwa na shule mbili palizaliwa makundi mawili ya makarani, walimu na wakuu wa tarafa (gombolola), kila kundi likiangalia ni nani aliyepandishwa cheo na ni nani aliyeachwa. Chama cha Democratic Party (DP) kilipoanzishwa mwaka 1954, kilitegemea zaidi malalamiko ya Wakatoliki walioona wamenyimwa haki yao; na Uganda People's Congress (UPC), kilichotokana na muungano wa Machi 1960 chini ya Milton Obote, kikawa aghalabu ndicho kimbilio la Waprotestanti nje ya Buganda. Si kwamba hapakuwa na mambo mengine ndani ya vyama hivyo, bali mpigakura wa kijijini alikuwa akiulizwa swali ambalo jawabu lake lilikwisha kuandikwa katika cheti chake cha ubatizo.

Basi nini ilikuwa hali ya asiyebatizwa? Waislamu wa Iganga, wa Bugiri na wa Mbale, ambao ni wengi (na Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988), walijikuta wakichagua baina ya nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili yao. Na Jinja, baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 na viwanda kufuata umeme, ilijaa wafanyakazi waliotoka Kavirondo ya Kenya, Teso, Acholi na kwingineko, wakikaa pamoja katika mtaa wa Walukuba na kusemezana kwa Kiswahili. Na hawa, haja zao za ujira na makazi hazikuwa za Kikatoliki wala za Kiprotestanti. Kadhalika wakulima wa kahawa wa miteremko ya Elgon, waliounda Bugisu Co-operative Union mwaka 1954, waliketi katika mkutano mmoja bila kuulizana kanisa, maana bei ya kahawa ilikuwa moja kwa wote.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni mji wa Mbale wenyewe. Ulipokaribia uhuru, watu wa Bugisu walidai mji ni wao, na watu wa Bukedi wakadai vivyo hivyo, na ugomvi ule ukawa mkali hata Katiba ya 1962, ilipohesabu falme na wilaya za nchi, iliutaja mji huu peke yake kuwa Eneo la Mbale, usiwe wa huyu wala wa yule. Mizani ya DP na UPC isingeweza kupima ugomvi kama huo, kwani pande zote mbili za mpaka zilikuwa na wana DP na wana UPC.

Tarikhi ya miaka ile yaonyesha vilevile kwamba vyama viwili vinavyopigania dola moja havikawii kugeuka chama kimoja. Mwaka 1961 DP ilipata viti vingi ingawa UPC ndiyo iliyopata kura nyingi zaidi. Mwaka uliofuata UPC ikashika serikali kwa kuungana na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda. Na kufikia mwaka 1964, wabunge wa upinzani walipokuwa wakivuka mmoja mmoja kuifuata serikali, muungano ule haukuhitajiwa tena, na mwishoni mwa mwaka kiongozi wao Basil Bataringaya akavuka pia. Kisha likaja shauri ambalo watu wa mashariki wana haki ya kulikumbuka kwa uchungu. Tarehe 22 Februari 1966 mawaziri watano walikamatwa katika kikao cha baraza la mawaziri, na wawili kati yao walikuwa wa huku kwetu, Balaki Kirya wa Bukedi na Mathias Ngobi wa Busoga, wote wakiwa wana UPC. Walifungwa na serikali ya chama chao wenyewe, wakakaa kizuizini hadi 1971. Upinzani ulikwisha kudhoofika, na aliyetaka kupinga ndani ya chama hakuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mwishoni mwa 1969 vyama vingine vikapigwa marufuku.

Utawala wa Movement (NRM), tangu 1986, ulidai kuwa umeipata dawa kwa kuvizuia vyama visifanye kazi, na kila mgombea asimame kwa sifa zake mwenyewe. Utaratibu huo ukatiwa katika Katiba ya 1995, iliyotungwa na Bunge lililoongozwa na James Wapakhabulo, mtu wa Bugisu. Sikatai kwamba katika mabaraza ya vijiji watu walipanga mstari nyuma ya waliyemwamini bila kujali padri wala mchungaji, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini Movement yenyewe ilikuwa chama kisichotaka kuitwa chama, na wananchi waliokubali utaratibu huo kwa zaidi ya asilimia 90 katika kura ya maoni ya 2000 waliulizwa tena mwaka 2005, wakakubali vyama vingi kwa wingi kama ule ule. Kura mbili zenye majibu ya kupingana, kila moja ikitoa kile serikali ilichotaka, hazinishawishi kuwa mwananchi ndiye aliyeamua.

Njia nyingine ilionekana mwaka 2018, tena katika barabara itokayo Jinja kwenda Tororo na Mbale. Robert Kyagulanyi, aliyeingia Bungeni mwaka uliotangulia akiwa mgombea binafsi asiye na chama, alikwenda Jinja Mashariki mwezi wa Machi kumuunga mkono Paul Mwiru wa FDC, chama cha upinzani, katika uchaguzi mdogo, naye Mwiru akashinda. Mwezi wa Julai Kyagulanyi akaenda Bugiri, penye uchaguzi mdogo mwingine, na huko hakumuunga mkono mgombea wa FDC, ingawa alikuwapo, bali Asuman Basalirwa wa JEEMA, chama kidogo kilichoasisiwa mwaka 1996 na kuongozwa hapo mwanzo na Muhammad Kibirige Mayanja. Basalirwa akashinda, na chama kilichokuwa wakati huo hakina hata kiti kimoja kikapata mbunge. Naona jambo hili lina uzito kuliko lilivyopewa wakati ule, kwa kuwa wapigakura wa miji miwili ya barabara hiyo moja waliunga mkono vyama viwili mbalimbali kwa muradi mmoja, wakimpima mtu na haja za mahali pao.

Uchaguzi wa 2021 uliivuta nchi kurudi katika mashindano ya wawili, NRM na chama kipya cha Kyagulanyi, NUP, ambacho Jinja ilikipa umeya wa mji. Hata hivyo Basalirwa alirudi Bungeni akiwa mbunge pekee wa JEEMA, na wagombea binafsi walioshinda nchi nzima walizidi 70, idadi iliyopita ya chama chochote cha upinzani. Kinachowazuia hawa wasiwe nguvu ya tatu ni sheria. Ibara ya 83 ya Katiba humnyang'anya kiti mbunge anayekihama chama chake, na humnyang'anya pia mbunge binafsi anayejiunga na chama, hata wasiweze kukusanyika kihalali baada ya uchaguzi. Na kiti cha jimbo huchukuliwa na mwenye kura nyingi peke yake, hata akishinda kwa theluthi moja, na kura za waliobaki hazina pa kwenda. Katiba hiyo hiyo, hata hivyo, imekwisha kukubali viti visivyo vya jimbo la kawaida, vya wanawake wa kila wilaya, vya wafanyakazi, vya vijana na vya watu wenye ulemavu. Kama fungu la viti lingegawanywa kwa kadiri ya kura za kila chama, kama Afrika Kusini inavyogawa viti vyake tangu 1994, mfanyakazi wa Walukuba na mkulima wa Budadiri, huko Bugisu, wangeweza kukichagua chama kidogo wakipendacho bila kuogopa kwamba kura yao imemsaidia adui wao.