Kuhesabu na Kurusha: Historia ya Seti ya Matokeo na Uigaji katika Hisabati ya Uwezekano

Nadharia ya uwezekano huonekana darasani kama sura iliyokwisha kukamilika. Mwanafunzi hupewa kanuni ya kujumlisha na kanuni ya kuzidisha, huchora jedwali la dadu mbili lenye visanduku 36, kisha hutakiwa kutafuta uwezekano wa matukio ambatani. Hata hivyo, nadharia hiyo haikukua kwa njia iliyonyooka namna hiyo. Makosa yanayoonekana leo katika madaftari ya wanafunzi yaliwahi kufanywa na wanahisabati mashuhuri wa Ulaya, na mara nyingi chanzo chake kilikuwa kuorodhesha vibaya seti ya matokeo yote yawezekanayo. Insha hii inafuatilia kosa hilo na kuonesha kwamba kuhesabu matokeo na kuyajaribu kwa vitendo ni njia mbili zinazosahihishana, wala hakuna inayojitosheleza.

Katika karne ya 16, Girolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia, alitambua kwamba dadu mbili zina matokeo 36 na dadu tatu zina matokeo 216. Kitabu chake kuhusu michezo ya bahati kilichapishwa mwaka 1663, miaka mingi baada ya kifo chake. Mwanzoni mwa karne ya 17, Galileo Galilei alishughulikia fumbo la wacheza kamari. Katika dadu tatu, jumla ya 9 hupatikana kwa mafungu sita ya namba, na jumla ya 10 vilevile kwa mafungu sita. Iweje basi wachezaji waone kwamba 10 hutokea mara nyingi zaidi? Galileo alijibu kwamba mafungu hayalingani kwa uzito. Fungu la 6, 2 na 1 linaweza kupangwa kwa njia sita, lakini fungu la 3, 3 na 3 lina njia moja tu. Ukihesabu mipangilio badala ya mafungu, 9 ina njia 25 na 10 ina njia 27 kati ya 216. Licha ya ufafanuzi huo, Leibniz baadaye aliamini kwamba kwa dadu mbili jumla ya 11 na ya 12 zina uwezekano sawa, ilhali 11 ina njia mbili na 12 ina njia moja.

Kosa la aina nyingine lilijitokeza mwaka 1654, wakati Blaise Pascal na Pierre de Fermat walipoandikiana barua kuhusu kugawana fedha za mchezo uliokatizwa. Tuseme mchezaji wa kwanza amebakiza mizunguko miwili ili ashinde na wa pili amebakiza mitatu. Mshindi lazima apatikane ndani ya mizunguko minne. Kwa hiyo Fermat alihesabu matokeo 16 ya mizunguko minne, akaona kwamba 11 yanampa ushindi wa kwanza na 5 yanampa wa pili. Roberval alipinga. Kwa maoni yake, mchezo ungeweza kwisha baada ya mizunguko miwili, hivyo haikuwa halali kuhesabu mizunguko ambayo isingechezwa kamwe. Pascal alieleza kwamba kuikamilisha mizunguko hiyo hakumbadilishi mshindi, bali hufanya matokeo yote yawe na uzito mmoja, na hapo ndipo kuhesabu kunapokuwa na maana.

Karne moja baadaye pingamizi la Roberval lilirudi kwa sura mpya. Katika juzuu la nne la *Encyclopédie*, lililotoka mwaka 1754, Jean le Rond d'Alembert aliuliza uwezekano wa kupata upande wa kichwa angalau mara moja katika kurusha sarafu mara mbili. Alidai kwamba kichwa kikitokea mara ya kwanza mchezo umekwisha. Hivyo aliona matokeo matatu tu: kichwa, upande wa pili kisha kichwa, na upande wa pili mara mbili. Jibu lake lilikuwa 2/3. Jibu sahihi ni 3/4, kwa kuwa tokeo lake la kwanza hubeba matokeo mawili ndani yake na huwa na uwezekano wa 1/2, si 1/3. Ingetosha kukamilisha mrusho wa pili, kama Fermat alivyokamilisha mizunguko.

Sarafu yenyewe ingeweza kuamua ubishi huo. Katika mirusho 1,000 ya jozi, jibu la 3/4 linatarajia jozi 750 hivi zenye kichwa, na jibu la 2/3 linatarajia 667 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa mno kufichwa na bahati. Njia ya majaribio ilikwisha kuonekana katika karne hiyohiyo: Buffon, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1777, alieleza jinsi alivyomtumia mtoto kurusha sarafu katika michezo 2,048, kila mmoja ukiendelea hadi tokeo lililosubiriwa lipatikane. Michezo 1,061 iliisha kwa mrusho wa kwanza, karibu na 1,024 iliyotarajiwa.

Majaribio nayo yaliweza kuisahihisha nadharia. Mwaka 1894 mwanabiolojia wa Uingereza W. F. R. Weldon aliripoti mirusho 26,306 ya dadu 12. Namba 5 au 6 ilitokea mara 106,602, ilhali dadu zisizo na upendeleo zingetarajiwa kuitoa mara 105,224. Mwaka 1900 Karl Pearson alitumia takwimu hizo kuonesha kwamba tofauti hiyo haielezeki kirahisi kwa bahati. Orodha ya matokeo ilikuwa sahihi. Dhana ya usawa wa pande ndiyo iliyokuwa na kasoro.

John Kerrich, mwanahisabati aliyefundisha Afrika Kusini, alikwama Denmark baada ya Ujerumani kuivamia mwaka 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kupata kichwa mara 5,067. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, akiuguza maradhi huku akicheza karata peke yake, aliwaza kwamba ni rahisi kucheza mara nyingi na kuhesabu ushindi kuliko kuorodhesha mipangilio yote. Wazo hilo, aliloliendeleza pamoja na John von Neumann kwa kutumia kompyuta, lilizaa mbinu ya Monte Carlo.

Historia hii ina funzo kwa ufundishaji. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akirusha jozi 25, hupata jozi 1,000 na linaweza kulipima dai la d'Alembert katika kipindi kimoja. Darasa hilohilo halitaweza kulitatua fumbo la Galileo kwa dadu zake, kwa sababu tofauti ya 25 na 27 kati ya 216 humezwa na bahati mpaka mirusho ifikie maelfu mengi. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini jaribio la kwanza linatosha na la pili halitoshi ameelewa kazi ya uigaji pamoja na mipaka yake. Aidha, anayeandika 2/3 hastahili kufutiwa tu kwa kalamu nyekundu. Anapaswa kuulizwa kama matokeo yake matatu yana uzito sawa, swali ambalo Ulaya ilichukua zaidi ya karne moja kulizoea.