Usomaji Mtambuka

Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti uliohusisha watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wakaguzi wa habari 10 na wanachuo 25. Kati ya walivyopewa kuvipima ni tovuti mbili za madaktari wa watoto. American Academy of Pediatrics ilianzishwa mwaka 1930 na ina wanachama zaidi ya 60,000. American College of Pediatricians ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002, kikipinga wapenzi wa jinsia moja kulea watoto.

Wanachuo walizisoma kurasa kutoka juu hadi chini, wakitazama nembo, marejeleo na unadhifu. Zaidi ya nusu yao wakakiamini kikundi kidogo. Hata baadhi ya wanahistoria waliteleza. Wakaguzi wote 10 walipatia: waliutupia ukurasa jicho, wakafungua vichupo vipya, wakatafuta wengine wanasema nini kuhusu kikundi hicho, ndipo wakarudi kusoma.

Mbinu hiyo ndiyo usomaji mtambuka, kinyume cha usomaji wima. Kuuita kwa Kiswahili “usomaji mlalo” kunabaki na jiometri tupu, na “wa pembeni” hufanya jambo la msingi lionekane la ziada. “Mtambuka” limetokana na kutambuka, yaani kupiga hatua kuvuka kitu, na wasomaji wamekwisha kulizoea katika “masuala mtambuka”.

Usomaji huu hufundishika vizuri kwa kuonyeshwa. Mwalimu afungue tovuti asiyoijua kwenye projekta, aiache mara moja, aandike jina la mmiliki wake kwenye Google, kisha asome maelezo mafupi ya matokeo kabla ya kubofya lolote. Kujizuia huko kubofya tokeo la kwanza ni stadi kamili! Mike Caulfield, mtaalamu wa ukaguzi wa taarifa za mtandaoni, Mmarekani pia, aliupanga ukaguzi huo katika hatua nne: simama, chunguza chanzo, tafuta taarifa bora, fuatilia dai hadi lilikoanzia.

Wanachuo wetu wengi husomea kwenye simu, ambako vichupo hujificha nyuma ya kimraba chenye namba, kwa hiyo zoezi lifanyike kwenye simu hizohizo. Mifano ya Kiswahili ipo: PesaCheck, shirika la ukaguzi wa habari, huchapisha ukaguzi wake kwa lugha hii pia. Wahadhiri wa stadi za mawasiliano, lipeni zoezi hili nafasi tangu muhula wa kwanza.